Vioo Vitatu vya Masizi

Amani iwe kwenu mliomo humu ndani, na kwenu mliokaa nje kwenye kivuli cha ukuta kwa kukosa viti. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe au atoke naye. Sauti yangu ni hii moja, sina ya akiba.

Kina mama wa kikundi mliniomba nishuhudie, nikakataa mara mbili. Mara ya tatu nimeona aibu, maana nimekaa nanyi hapa Mbwawa mwaka wa nne sasa, nimekula vya kwenu, na mnaniita bibi. Haya ninayoyasoma nimeyaandika mwenyewe. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima tu, kwa hiyo nikikwama kwenye neno nivumilieni. Mwandiko wangu ni kama kuku aliyepita kwenye majivu. Jina la mtu sitalitaja. Wahusika wengine wako hai na wana wajukuu.

Ndugu zangu, nawaambia: mimi nilipofuka jicho moja na hakuna aliyeniamini. Lakini nikianzia hapo nitakuwa nimewadanganya, kwa sababu waliokataa kuniamini nilikuwa nimewafundisha mimi mwenyewe.

Nyumbani kwangu wakati ule kulikuwa Kisarawe, upande wa Kurui, kwenye kijiji kipya tulichohamishiwa. Mume wangu alikuwa ameshatangulia. Mwanangu wa kiume alikuwa kibarua huku Kibaha, na binti yangu aliniachia mtoto wake wa kike nimlee. Shamba la kijiji lilikuwa la mikorosho na mihogo, na kila nyumba ilikuwa na zamu. Mwenyekiti akanichagua niwe msimamizi wa zamu ya wanawake. Hakukosea. Nilikuwa mkali. Jua likichomoza mimi niko shambani na jembe langu, na ole wako uliyekuja baada yangu.

Visingizio vyote nilivijua. Mgongo, msiba wa shangazi, homa ya siku ya zamu tu. Kulikuwa na wengine waliojitia pilipili machoni yawe mekundu, wapewe ruhusa. Hao niliwakamata kirahisi. Nilikuwa nawashika mkono na kuwanusa vidole. Ndiyo, chekeni. Hata mwenyekiti alicheka, akasema, "Bibi huyu angekuwa polisi, jela ingejaa."

Sasa sikilizeni, hapa msicheke. Jirani yangu wa nyumba ya tatu, mwanamke mpole asiye na maneno mengi, alinijia asubuhi moja akasema, "Dada, jicho langu la kulia lina ukungu. Naomba leo nipumzike, nitafute dawa." Nikamtazama. Jicho zuri, jeupe, halina tongotongo wala machozi. Nikainua vidole mbele ya wanawake wote.

"Vingapi?"

"Vitatu."

"Umeona vitatu, na palizi utaiona. Kamata jembe. Kijiji hiki hakilei kupe."

Hilo neno kupe mnalikumbuka lilivyokuwa linauma siku zile. Mtu aliyeitwa kupe alikuwa ni mnyonyaji, adui wa wenzake. Yule mama alikamata jembe. Wala mimi sikufikiri kwamba mtu mwenye macho mawili wazi atahesabu vidole kwa lile zima. Mvua za mwaka ule zilipokatika, jicho lake la kulia lilikuwa halioni kitu. Na mimi sikwenda kumpa pole. Nilisema moyoni, Mungu anajua. Nilimwachia Mungu kazi iliyokuwa yangu.

Ulipita kama mwaka mmoja. Nikaanza kuumwa kichwa upande wa kushoto, nyuma ya jicho kabisa, kama mtu anasukuma kwa kidole gumba kutoka ndani. Nikafunga kanga kichwani nikaendelea. Siku moja napepeta mpunga uani, pumba ikaniingia jicho la kulia, nikalifumba. Nikabaki na la kushoto peke yake.

Ua wangu haukuwepo. Ungo sikuuona. Palikuwa na weusi, na pembeni kwa chini mwanga kidogo, kama mtu aliyefunikwa gunia likaachia tundu. Nikafumbua la kulia, dunia ikarudi. Nikalifumba, dunia ikaondoka. Nilirudia hivyo mpaka mjukuu wangu akadhani namchezea, akaanza kucheka.

Nikaazima kioo kwa jirani. Jicho zuri, jeupe, halina tongotongo wala machozi.

Nikaenda zahanati. Mganga akanifunua kope, akasema, "Jicho zima hili, mama. Ningelimulika, lakini tochi yangu haina betri tangu mwezi wa Ramadhani." Akanipa vidonge vya kichwa. Nikaenda kwa mwenyekiti kuomba barua nije hospitali huku Kibaha. Nyie vijana hamjui: siku zile hukuweza kuondoka kijijini kwa siku kadhaa hivi hivi. Bila barua utaulizwa njiani wewe ni wa wapi na shamba umemwachia nani, na utarudishwa.

Mwenyekiti akainua mkono.

"Vingapi, bibi?"

"Vinne."

Akatabasamu. "Nani alinifundisha kipimo hiki?"

"Mimi."

"Basi tusisumbuane. Palizi ikiisha tutazungumza."

Nilitoka pale nikajiona nimefungiwa. Barua sipati mpaka ugonjwa uonekane. Ugonjwa hauonekani mpaka nifike hospitali. Hospitali sifiki bila barua. Nilizunguka humo kama panya aliyeangukia mtungini. Kila upande ni mtelezo, na mdomo wa mtungi anauona. Kutoroka kwa miguu nisingeweza, na mtoto mgongoni na kichwa kile. Kila asubuhi nilifumba jicho la kulia kupima, na kila asubuhi lile tundu la mwanga lilikuwa limepungua.

Ndipo nikaanguka. Sitaki kulipamba. Nilichukua pilipili, nikaipondaponda, nikajipaka ndani ya kope la kushoto. Mimi, mnusa vidole. Nilisema kama hawaamini jicho jeupe, nitawapa jekundu. Vidole niliviosha kwa majivu na limau, maana kazi hiyo naijua. Nikambeba mjukuu, nikaenda ofisini kwa mwenyekiti jicho likiwa kama nyanya.

Alishtuka kweli. Akavuta karatasi, akafungua kalamu. Alikuwa ameshaandika jina langu. Wakati huo mtoto akapiga chafya, kamasi likatoka, nami bila kufikiri nikamfuta kwa pindo la kanga, lile lile nililofutia jicho.

Ndugu zangu, yule mtoto alilia mpaka watu wakatoka dukani. Alijisugua uso, akasugua macho, akazidi kulia. Mwenyekiti akaweka kalamu chini taratibu. Akashika pindo la kanga yangu, akalinusa.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana. Alisema tu, "Na wewe, bibi?" Kisha akaichana ile karatasi.

Usimamizi nikavuliwa siku hiyo hiyo. Shambani wanawake wakanitungia wimbo wa kupalilia: *Nusa kidole, bibi nusa kidole, pilipili ya nani, bibi nusa kidole.* Walikuwa wanaimba na majembe yanaitikia. Nami nalima katikati yao, siwezi kuondoka, siwezi kuwaambia nyamazeni, kwa sababu wimbo ulikuwa wa kweli. Jembe langu lilikosa shina, likakata mhogo. "Ona, anaharibu makusudi," wakasema. Nilimwaga maji nje ya kata ya kuchotea. Nilijigonga mlango wangu mwenyewe. Kila kitu kilichokuwa ushahidi wa ugonjwa wangu, kwao kilikuwa ushahidi wa hila zangu. Na aliyeufunga mlango wa kuaminiwa nilikuwa mimi. Nilikuwa nina jambo la kweli, nikalivika uongo, na sasa ukweli haukuwa na nguo nyingine ya kuvaa.

Hapo kati tangazo likaja. Landrova ya madaktari wa macho ingetoka Kibaha, ipite vijijini, kwetu ikae siku moja shuleni. Mwenyekiti akaandika orodha ya watu ishirini, maana ndio walioweza kuonwa kwa siku moja. Jina langu halikuwemo. Sikuuliza. Ningeuliza kwa mdomo gani?

Jioni ya siku iliyotangulia, nikiwa namenya mihogo uani, yule jirani wa nyumba ya tatu akaja. Akakaa kwenye kinu kilicholala.

"Dada, kesho utakwenda badala yangu."

Nikasema, "Wewe umekuja kunicheka."

"Ningetaka kukucheka ningeimba na wenzangu shambani. Umewahi kunisikia?"

Kweli, sikuwahi kumsikia.

"Langu limeshakufa," akasema, "daktari atanipa pole, na pole haionyeshi njia. Lako labda bado."

"Unaniaminije? Si ulisikia habari ya pilipili?"

Akacheka kidogo. "Pilipili ilikuwa ujinga. Mimi nakuangalia unavyoteka maji. Unageuza shingo kama kuku anayeangalia mwewe. Hata mimi niligeuza hivyo hivyo mwaka mzima, dada, na wewe ulikuwa umesimama mbele yangu."

Kisu kilikuwa mkononi na mhogo mwingine, nikaendelea kumenya, nikamenya mpaka nikamaliza mhogo wenyewe, yakabaki maganda tu. Aliondoka bila kunidai msamaha.

Asubuhi tukaenda wote wawili. Darasa moja walikuwa wameliziba madirisha kwa mablanketi ili kuwe na kiza. Mwenyekiti alikaa mlangoni na orodha. Alipoita jina la jirani yangu, mimi nikasimama.

"Wewe kaa," akasema.

"Nimempa zamu yangu," jirani yangu akajibu kutoka nyuma, tena kwa sauti ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Zamu ni yangu. Au nayo ni ya kijiji?"

Watu wakaguna. Daktari, kijana tu, akachungulia kutoka ndani. "Mzee, anayeingia nani? Jua halinisubiri." Mwenyekiti akaniachia nipite, lakini naye akaingia nyuma yangu. Alisema anataka kumwonya daktari mapema, asipoteze muda.

Na akamwonya kweli. "Daktari, huyu mama alijitia pilipili."

Daktari akanigeukia. "Shikamoo mama. Ni kweli?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nilijua nikikubali nitatolewa nje, na nisipokubali naongeza uongo wa pili juu ya wa kwanza. Niliona ule mtungi wangu, na mdomo wake juu kabisa. Nikasema, "Marahaba mwanangu. Ni kweli. Nilijitia ili niaminiwe. Lakini kabla ya pilipili nilikuwa sioni, na sasa sioni zaidi."

Alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Pilipili inaunguza mlango tu, haifiki chumbani. Kaa hapa."

Akatoa kifaa ambacho sikuwahi kuona mfano wake. Kilikuwa ubao mwembamba wa mninga, umekatwa katikati pakae pua, ili mwanga wa upande huu usivuke upande ule. Kila upande balbu ndogo, kama ya taa ya baiskeli. Chini betri mbili, na kitufe cha kuhamisha mwanga: ukibonyeza huku unawaka kulia, ukibonyeza kule unawaka kushoto. Akasema cha kiwandani kimeagizwa nje siku nyingi na hakijafika, basi yeye na fundi seremala wamechonga hiki.

"Mama, tazama mbali, ukutani kule. Usiniambie kitu. Leo sikuulizi unaona nini."

Sikuulizi unaona nini! Nilikuwa nimezoea kuulizwa vidole.

Akawasha kulia. Akahamisha kushoto. Kulia. Kushoto. Taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Kisha akasema, "Mzee, njoo uangalie mwenyewe. Angalia ile nukta nyeusi katikati ya jicho. Hiyo ni mboni."

Mwenyekiti akasogea mpaka nikanusa tumbaku yake.

"Nawasha kulia. Inafanya nini?"

"Inajikunja. Imekuwa ndogo."

"Ndivyo inavyotakiwa, mwanga ukiingia inajikunja. Sasa nahamishia kushoto. Angalia."

Akasogeza uso zaidi, akasema, "Inafunguka." Akarudia kwa sauti, "Daktari, umeiwekea mwanga na inafunguka!"

"Kwa sababu jicho hili halijapata habari kwamba mwanga umefika. Mshipa wa nyuma unaopeleka habari umebanwa."

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Huyu ni mjanja, daktari. Hawezi kuifungua makusudi?"

Daktari akamkalisha kwenye kiti changu. "Haya, wewe fanya makusudi." Akamwekea ubao puani, akawasha. Mwenyekiti akakunja uso, akabana meno, akakodoa, akashikilia pumzi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Waliokuwa wakichungulia mlangoni wakaanza kucheka. "Bado," daktari akawa anasema. "Zinajikunja zote mbili sawasawa. Kaza, mzee. Bado." Mwisho akapumua kwa nguvu kama mbuzi aliyepanda kilima.

"Mboni haina bwana," daktari akasema. "Huwezi kuituma."

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. Alikuwa na vipande vidogo vya kioo cha dirisha. Kila kimoja kilipitishwa juu ya moshi wa koroboi kikapakwa masizi, kikafunikwa kioo kingine na kufungwa plasta, masizi yasifutike. Akaweka kimoja mbele ya jicho langu zima, akahamisha mwanga huku na huku. "Bado." Akaongeza cha pili. "Bado." Cha tatu. Akatazama sana. "Hapo zimelingana."

Akanieleza, "Mama, ili jicho lako zima liwe sawa na hili la kushoto, imenibidi nilifunike kwa vioo vitatu vya masizi. Huo ndio ukubwa wa ugonjwa wako." Akauandika: vitatu.

Nililia. Sikulia kwa kuwa naumwa. Nililia kwa sababu kiza changu, nilichokibeba peke yangu miezi yote, sasa kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine na amekihesabu.

Akaniuliza juu ya kichwa, juu ya pua, kama natoa kamasi lenye harufu. Nilikuwa natoa, lakini nani anahusisha kamasi na jicho? Akasema anahofia kuna uvimbe wenye usaha umejificha nyuma ya pua, unabana ule mshipa. "Na huko nyuma mishipa ya macho yote mawili iko karibu. Ukiachwa, utalifuata na la kulia. Si jambo la kungoja palizi."

Mwenyekiti aliandika barua pale pale, kwenye mgongo wa ile orodha, maana karatasi nyingine hakuwa nayo. Akanipa, akasema, "Bibi, kile kipimo chetu cha vidole tukizike." Ndiyo samahani yake hiyo, nami niliipokea. Mtu mwenye cheo akikuomba msamaha kwa mzunguko, usimlazimishe kunyoosha.

Landrova ikanileta Kibaha. Mjukuu nilimwacha kwa yule jirani. Nikapigwa eksirei, daktari akaonyesha pale pua inapoishia: panapotakiwa kuwa peusi kwa hewa palikuwa peupe. Wakanipeleka Dar es Salaam kupasuliwa. Hili kovu hapa pembeni ya pua, mnaloniuliza kila siku kama nilipigwa na mume, ndilo hilo. Usaha uliotoka, muuguzi mwenyewe aligeuza uso.

Miezi mitatu baadaye nilirudi kwa daktari. Ubao ule ule puani. Kulia, kushoto. Akaweka kioo kimoja cha masizi mbele ya jicho zima, akaanza kufungua cha pili, akasita. Akakirudisha sandukuni.

"Kimoja, mama. Zimelingana kwa kimoja."

Kimoja kimebaki mpaka leo. Kwa jicho la kushoto nawaona ninyi kama nawatazama kupitia chandarua, na rangi nyekundu naiona imechujuka. Lakini nawaona. La kulia ni zima, ndilo lililoandika karatasi hii.

Niliporudi kijijini sikwenda nyumbani kwangu kwanza. Nilikwenda shambani, zamu ikiwa imejaa. Nikasimama pale pale niliposimama nilipoinua vidole. Nikasema mbele yao, "Jirani yangu alisema haoni, na alikuwa haoni. Kupe nilikuwa mimi. Nilinyonya siku alizokuwa nazo za kutafuta dawa." Hakuna aliyeimba. Yeye alikuwa amempakata mjukuu wangu. Akasema, "Umemaliza? Mtoto wako ana njaa, na mimi nina mstari wa kupalilia."

Nashukuru. Namshukuru Mungu kwanza. Namshukuru daktari yule kijana, na fundi seremala ambaye sikumwona uso, aliyekata ule ubao ukalingana na pua yangu. Namshukuru mwenyekiti kwa kukubali kuangalia kwa macho yake. Wapo wanaoitwa waangalie wakakataa. Namshukuru mwanangu aliyenileta kukaa kwenu hapa Mbwawa, karibu na hospitali. Na yeye wa nyumba ya tatu sina shukrani inayomtosha. Nilimnyima siku moja, naye alinipa siku yake.

Funzo mnalolingoja ni fupi. Mtu akikwambia anaumwa, na wewe huoni ugonjwa, usiseme haumwi. Sema sina kifaa. Kisha msaidie kufika kwenye kifaa. Na wewe unayeumwa usiyeaminiwa, pilipili iache jikoni.

Kila mavuno narudi Kurui kumtembelea. Tunakwenda kisimani pamoja. Jicho langu bovu ni la kushoto, lake ni la kulia, basi mimi nakaa kulia kwake na yeye kushoto kwangu, bega kwa bega, ubovu kwa ubovu. Tukitembea hivyo hatuonani kabisa. Lakini mimi naona kila kitu cha upande wangu, yeye anaona kila kitu cha upande wake, na ndoo zetu hazijamwagika bado.